Askari akifungwa, familia inapata nini?

Swali: Mdogo wangu aliuawa kwa risasi ya askari hapa Bunia. Tunaweza kulipwa? (Mama, Mudzi-Pela)

Jibu: Pole sana, mama. Ndiyo, ila kifungo chenyewe si malipo. Jiwekeni parti sivile, yaani upande unaodai fidia, katika kesi ya askari huyo kwenye mahakama ya kijeshi. Dai gharama za mazishi, mapato aliyoleta nyumbani na uchungu wenu; leta hati ya kifo na risiti. Avoka aombe pia Serikali ihukumiwe pamoja na askari, kwa vifungu vya 258 na 260 vya sheria ya kiraia ya Kongo, maana askari mara nyingi hana kitu.

Kwa mfano wa mhukumiwa asiye na kitu, tazama kijiji cha Bogoro, kilichoshambuliwa tarehe 24 Februari 2003. Mwaka 2017, katika kesi ya Germain Katanga, kamanda wa wanamgambo aliyehukumiwa kwa shambulio hilo, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliwapa wahanga 297 dola 250 kila mmoja, pamoja na misaada ya pamoja kama makazi na elimu. Katanga hakuwa na mali. Mfuko wa Wahanga wa Mahakama hiyo ndio uliolipa. Mahakama yenyewe ilisema dola hizo ni ishara tu, na kwa kweli hazimtoshi yatima.

Kwenu pia, hata ikihukumiwa, Serikali huchelewa sana kulipa. Msisaini mapatano yoyote kabla avoka hajayasoma.