Mtoto Mgeni Nyumbani Kwenu: Upendo Wahitaji Ukweli na Sheria

Kijana msomaji, hebu fikiri. Ni Jumapili jioni. Mama anarudi kutoka kanisani, nyuma yake yuko msichana wa miaka tisa na mfuko mdogo wa nguo. "Nyanya yake amefariki, hana mtu," mama anasema. "Mchungaji ametuomba tusaidie. Kuanzia leo huyu ni dada yenu." Wewe unaambiwa umpishe upande mmoja wa kitanda.

Utasemaje? Pengine utafurahi. Pengine utanuna, maana kitanda chenyewe ni kidogo na karo yako bado haijalipwa. Pengine utajiuliza kimoyomoyo: huyu ni dada kweli, ama ni wa kuosha vyombo? Atakaa mpaka lini? Na kama ana ndugu zake mahali, je, wanajua aliko?

Usione haya kujiuliza hivyo. Hayo ndiyo maswali yenyewe. Katika somo hili tutaona jinsi mtoto asiye na wazazi anavyopata familia nchini Kenya, na kwa nini moyo mwema peke yake hautoshi.

KWA NINI FAMILIA, SI JENGO?

Watu wengi wakisikia neno "yatima" hufikiria makao ya watoto: jengo refu, vitanda vilivyopangwa foleni, na wageni wanaoleta peremende wakati wa Krismasi. Makanisa mengi yamejenga makao kama hayo, na yameokoa maisha ya watoto wengi. Lakini mtoto hahitaji chakula na paa tu. Anahitaji mtu mmoja anayejua kwamba yeye hulala na taa, na kwamba hapendi maziwa yenye utandu.

Sayansi nayo yasema vivyo hivyo. Nchini Romania, kuanzia mwaka 2000, watafiti walifuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa wakilelewa katika makao. Kwa kupiga kura, nusu yao walipelekwa katika familia za malezi. Matokeo yalitolewa mwaka 2007 katika jarida la Science: watoto waliopata familia walikuwa na akili changamfu kuliko wale waliobaki katika makao, na waliofaidika zaidi ni wale waliopelekwa mapema, kabla ya kutimiza miaka miwili. Ubongo wa mtoto hukua kwa kubebwa, kusemeshwa na kuchekewa na mtu yule yule kila siku. Mlezi mmoja mwenye watoto ishirini hawezi kufanya hivyo hata akipenda.

Tena, wengi wa watoto walio katika makao si yatima kabisa. Wana mzazi mmoja, au nyanya, au mjomba. Kilichowatoa nyumbani mara nyingi ni umaskini. Basi kabla ya kuuliza "Nani atamchukua mtoto huyu?" inafaa tuulize kwanza, "Je, watu wake wanaweza kusaidiwa wakae naye?"

Kenya imeanza kufuata njia hiyo. Mwaka 2022 serikali ilizindua mpango wa miaka kumi wa kuwatoa watoto katika makao na kuwarudisha katika familia. Baadhi ya mashirika ya Kikristo nayo yamebadilika. Buckner, kwa mfano, lilianzishwa na Wabatisti huko Texas, Marekani, mwaka 1879 kama makao ya yatima. Siku hizi kazi yake nchini Kenya ni pamoja na kuzisaidia familia zisivunjike.

MOYO MWEMA ULIPOKOSEA

Wakristo wana sababu nzuri ya kuwajali yatima. Biblia imejaa watoto waliolelewa na wengine. Esta alilelewa na binamu yake Mordekai. Musa alikulia katika nyumba ya binti Farao. Lakini angalia jambo hili: Musa alijua watu wake ni akina nani. Hakufichwa.

Kwa bahati mbaya, si wote waliofuata mfano huo. Kuanzia mwaka 1869, mashirika ya hisani ya Uingereza, mengi yao ya Kikristo, yaliwasafirisha watoto maskini zaidi ya 100,000 hadi Kanada. Wengine walipelekwa Australia, na safari hizo ziliendelea hadi miaka ya 1960. Waliowasafirisha waliamini wanawapa maisha mapya. Lakini watoto wengi waliambiwa kuwa wazazi wao wamekufa, kumbe wako hai! Wengi waligeuzwa vibarua mashambani. Wengine walipigwa na kudhulumiwa, na hakuna aliyewakagua. Waziri Mkuu wa Australia aliomba msamaha mwaka 2009, na wa Uingereza mwaka 2010. Wakati huo wale watoto walikuwa wazee, na wengi wao walikuwa wangali wakitafuta jina la mama.

Je, hao wahisani walikosa upendo? Wengi wao hawakukosa. Walikosa mambo mawili: ukweli na ukaguzi. Mtoto alipewa nyumba akanyang'anywa habari zake mwenyewe, kisha mlango ukafungwa, asiwepo wa kuja kumuuliza, "Mwanangu, unaendeleaje?"

Sisi nasi tusijione bora. Mara ngapi msichana huletwa mjini "kusomeshwa na shangazi", halafu akaishia kuamka saa kumi za usiku kuwasha jiko, huku watoto wa nyumba wamelala? Hakuna karatasi, hakuna afisa anayejua. Hata shule hajulikani.

NJIA ZINAZOTAMBULIWA KENYA

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inatambua njia mbalimbali za kumlea mtoto asiyeweza kukaa na wazazi wake. Zijue tofauti zake.

1. Malezi ya jamaa. Nyanya, shangazi, kaka mkubwa au ndugu mwingine anamlea. Hii ndiyo njia ya kwanza, na ndiyo inayolea watoto wengi zaidi Afrika. Hata hivyo, ni vizuri afisa wa watoto wa eneo lenu ajulishwe.

2. Malezi ya kambo. Neno "kambo" hapa lisikutishe. Hatusemi mama wa kambo wa hadithini. Ni familia iliyochunguzwa na kukubaliwa, inayomlea mtoto kwa muda. Mtoto hubaki na jina lake, na afisa wa watoto hufuatilia hali yake. Shabaha ni kwamba, ikiwezekana, arudi kwa watu wake. Dini ya mtoto nayo huangaliwa. Kumpokea mtoto si nafasi ya kumbadilisha imani.

3. Kafala. Hii ni kwa watoto Waislamu. Familia humlea mtoto kama wao, lakini nasaba yake haibadiliki.

4. Kuasili. Wengine husema "kupanga mtoto". Hii ni ya kudumu. Mtoto huwa wa familia hiyo kabisa, sawa na aliyezaliwa humo, pamoja na haki ya kurithi. Wazazi wa mwanzo hawana tena haki ya kumdai.

Sasa mrudie yule msichana wa Jumapili. Unaona tatizo? Mama hakufanya ubaya, ila hakuna afisa wa watoto aliyejulishwa. Hakuna aliyetafuta kama nyanya aliacha mwana mwingine Kitale au Voi. Mama akiugua kesho, msichana huyu atakuwa wa nani? Dawa yake ni rahisi: Jumatatu asubuhi mama aende na mtoto kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, akiwa na barua ya chifu. Atafunguliwa faili, na ndugu zake watatafutwa. Kumwandikisha si kumkataa. Ni kumlinda.

KUASILI, HATUA KWA HATUA

Kuasili si kama kuchukua kifaranga sokoni. Mambo huenda hivi:

• Familia huenda kwa shirika la kuasili lililosajiliwa. Si kwa mchungaji peke yake, wala si kwa muuguzi wa hospitalini "anayejua mtoto mahali".

• Watu wa shirika huitembelea nyumba. Huuliza habari za afya, mapato, ndoa na majirani. Mwombaji asiye jamaa wa mtoto anatakiwa awe ametimiza miaka 25, awe amemzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi, na awe hajafikia miaka 65.

• Mtoto naye huchunguzwa: je, kweli hana watu? Mtoto hawezi kutangazwa kuwa huru kuasiliwa kabla ya kutimiza wiki sita.

• Mtoto huishi na familia hiyo kwa miezi mitatu mfululizo kabla ya ombi kupelekwa mahakamani.

• Mahakama Kuu husikiliza na kuamua. Baadaye mtoto huandikishwa katika daftari la watoto walioasiliwa.

Ni marufuku kutoa au kupokea pesa ili kumpata mtoto. Mtu akikwambia, "Lete kitu kidogo nikupatie mtoto haraka," ujue hiyo si huduma. Hiyo ni biashara ya watoto. Kwa sababu ya hofu hiyo, mwaka 2014 serikali ilisimamisha wageni kuwaasili watoto wa Kenya.

MIEZI YA KWANZA NYUMBANI

Basi mtoto amefika, na karatasi zinatengenezwa. Wewe kijana wa nyumba una kazi kubwa kuliko unavyodhani.

Usishangae akikojoa kitandani. Usishangae akificha mkate chini ya godoro, akinyamaza siku nzima, akikasirika bila sababu, au akimng'ang'ania mama kama kupe. Si pepo, si ukorofi. Mtoto aliyepoteza watu wake huishi kama mtu anayengoja pigo jingine. Mkate ule ni akiba ya siku atakayofukuzwa. Usimcheke. Mwambie tu, "Kesho pia kuna chakula," na kesho kiwepo.

Msaidieni afike kliniki. Chanjo zake ziangaliwe, apewe dawa ya minyoo, na macho na masikio yapimwe. Akihitaji kupimwa virusi vya UKIMWI, majibu ni siri yake na ya wanaomtunza. Si habari ya kikundi cha maombi wala ya kibarazani. Na kama anavyo, kula naye sahani moja au kulala naye kitanda kimoja hakukuambukizi. Akimeza dawa zake kila siku atakua, atasoma, ataoa au kuolewa kama wewe.

Kazi za nyumbani zigawanywe sawa. Ukitaka kujua kama mtoto ni ndugu au ni mtumishi, angalia nani huosha sufuria siku ya mtihani.

KAMA WEWE NDIWE ULIYELETWA

Pengine unasoma haya huku ukijua kwamba wewe ndiwe yule wa mfuko mdogo. Basi sikiliza. Hukununuliwa wala hukuokotwa. Huna deni la kulipa kwa kuvumilia kupigwa au kuguswaguswa. Ukifanyiwa hivyo, mwambie mwalimu unayemwamini, au piga simu 116. Haina malipo.

Una haki ya kuuliza: nilizaliwa wapi? Jina langu la kwanza lilikuwa nani? Kuuliza si kukosa shukrani. Unaweza kumpenda mama aliyekulea na bado ukataka kumjua aliyekuzaa. Wazazi nao tunawasihi: mwambieni mtoto ukweli mapema, kidogo kidogo, kwa maneno ya umri wake. Msipomwambia nyinyi, ataambiwa na jirani siku ya ugomvi, na hapo neno litachoma.

KAMA UNA MIMBA

Dada, ukijikuta mja mzito na umechanganyikiwa, usikimbilie kujificha. Nenda kliniki. Kuna njia ya kumlea mtoto wako kwa msaada wa jamaa, na sera ya Kenya inakuruhusu kurudi shuleni. Ukiona huwezi kabisa, kuna njia halali ya kumtoa aasiliwe. Mtu asikusukume, awe mzazi, mchungaji au mwenye mimba. Huwezi kutakiwa kutoa idhini kabla mtoto hajatimiza wiki sita, ili upate nafasi ya kupumua na kufikiri. Ila usimtupe mtoto, wala usimpe mtu usiyemjua.

"DAMU NZITO KULIKO MAJI"?

Kila mtoto anapoletwa, hatakosekana jirani wa kusema hivyo. Ni kweli, damu ina uzito wake, ndiyo maana twatafuta jamaa kwanza na kumwambia mtoto asili yake. Lakini wahenga hao hao walisema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Hawakusema umzaavyo.

JADILIANENI

Mkiwa kikundi cha vijana kanisani, shuleni au mtaani, zungumzeni:

1. Je, kuna mtoto mtaani kwenu aliyeletwa na mtu "kusaidiwa"? Anasoma? Nani humtembelea?

2. Kanisa lenu hutuma misaada kwa makao ya watoto. Je, sehemu ya pesa hizo ingeweza kumsaidia nyanya mmoja abaki na wajukuu wake?

3. Wapangieni kazi watoto wanne wa nyumba moja, mmoja akiwa ameletwa wiki iliyopita. Orodha iwe ya haki. Je, ingekubaliwa kwenu?

4. Ofisi ya afisa wa watoto wa eneo lenu iko wapi? Kama hakuna anayejua, mtumeni mmoja aende akaulize wiki hii, kisha alete jibu.