Kumtafuta Nyoka-Mfalme wa Milimani

Katika milima ya California, Marekani, huishi nyoka mwenye pete nyekundu, nyeusi na nyeupe, aitwaye nyoka-mfalme wa milimani (Lampropeltis zonata). Hana sumu. Ijapokuwa rangi zake ni kali, huonekana kwa nadra, kwani muda wake mwingi hukaa ndani ya nyufa za miamba.

Amtafutaye sharti kwanza achunguze mahali. Mwili wa nyoka hupata joto lake kutoka katika mazingira. Kwa hiyo, theluji inapoyeyuka, hutafutwa katika misitu ya misonobari na mialoni, kwenye miteremko yenye mawe inayoelekea kusini. Kiangazi, mwamba unapowaka jua, hushuka chini penye unyevu.

Baadhi ya wakamataji hubandua mwamba kwa mitaimbo. Hasara hiyo hairekebishiki: ufa uliofanyizwa na jua na baridi kwa karne nyingi haurudi, na mijusi awalao nyoka huyo hupoteza makao pia. Mtafiti mwema humulika ufa kwa tochi, akauacha kama alivyoukuta.

Swali: Je, huko Afrika Kusini, mteremko upatao jua zaidi huelekea upande gani? Eleza sababu.