Kifuniko cha Rejeta na Siri ya Gari Linalochemsha

Gari likichemsha, wengi wetu tunasema lina kiu, tunalimiminia maji na kuendelea na safari. Mara nyingi maji yaliyokuwamo hayakuisha yenyewe, yalifukuzwa. Ili kujua nani aliyeyafukuza, inabidi tuanzie mbali kidogo, kwenye moto wenyewe.

Injini ya petroli hugeuza takriban robo hadi theluthi ya nishati ya mafuta kuwa mwendo. Iliyobaki ni joto. Sehemu yake hutoka na moshi kwenye ekzosi, na sehemu nyingine huzama kwenye chuma cha injini. Hiyo isipoondolewa, silinda hedi ya alumini hupinda. Kazi ya kuiondoa yamepewa maji, kwa sababu hubeba joto jingi kuliko karibu kila kitu kinachopatikana kwa bei rahisi. Kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi kunahitaji joule 4,200 hivi. Kilo moja ya alumini hutosheka na 900. Pampu huyapitisha maji ndani ya injini yakachukua joto, kisha huyapeleka kwenye rejeta, ambako upepo hulipokea na kwenda nalo.

Udhaifu wa maji ni kwamba huchemka. Katika maji ya moto kuna chembe nyingi zinazotaka kuruka ziwe mvuke, na kinachozizuia ni hewa inayoyakandamiza kutoka juu. Msukumo wa mvuke ukilingana na presha ya hewa, maji yanachemka. Tanga na Mombasa, usawa wa bahari, hilo hutokea kwenye nyuzi 100. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi zaidi na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. (Ndiyo maana maharage ya Limuru huchelewa kuiva.) Injini nayo hupenda kufanya kazi kwenye nyuzi kama 90. Nafasi iliyobaki ni finyu mno: panda mlima wa Kitonga na mzigo, mwendo wa polepole, upepo haba kwenye rejeta, na maji yangechemka kabla hujafika juu.

Dawa yake ilijulikana kabla ya magari. Mwaka 1679 Mfaransa Denis Papin aliwaonyesha wanasayansi wa London chungu kilichofungwa kabisa: mvuke ulibanwa ndani, presha ikapanda, na maji yakapata moto kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Kifuniko cha rejeta kinafanya vilevile. Kitazame juu, utaona namba kama 0.9 au 1.1. Hiyo ni presha, kwa kipimo cha bar, ambayo springi yake huihimili juu ya ile ya hewa ya nje. Kwa kifuniko cha 0.9, maji matupu pale Tanga hayachemki mpaka karibu nyuzi 118. Nairobi, karibu 115.

Sasa unaona kwa nini kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa ya moto. Chukua lita tano za maji yenye nyuzi 110. Ukifungua, presha inashuka ghafla, na zile nyuzi 10 za ziada lazima ziende mahali. Zinakwenda kugeuza takriban gramu 90 za maji kuwa mvuke kwa mkupuo. Ni kidogo, kama robo ya kikombe kikubwa hivi, ila mvuke huchukua nafasi mara 1,600 na zaidi ya maji yaliyouzaa. Hizo ni karibu lita 150 za mvuke zinazotaka kupita kwenye tundu moja, na uso wako uko juu yake.

Kwa hiyo ukaguzi hufanywa asubuhi, injini ikiwa baridi. Fungua kifuniko uangalie raba iliyo chini yake. Ikiwa imepasuka, imekakamaa au imelika pembeni, presha haikai, na maji huchemka mapema kisha hukimbilia kwenye tanki la akiba. Katikati ya raba hiyo kuna vali ndogo. Ivute kidogo kwa kucha, iachie, nayo irudi yenyewe. Ni njia ya maji kurudi kutoka kwenye tanki injini inapopoa. Ikiganda, utakuta mipira ya rejeta imebonyea asubuhi. Kifuniko kibovu hakitengenezwi: nunua kipya chenye namba ileile, wala usiweke chenye namba kubwa zaidi ukidhani unalisaidia gari, maana mpira mkuukuu utapasuka.

Kuhusu maji yenyewe, ya kisima cha chumvi usiyatie. Yakipata moto huacha ukoko kwenye njia nyembamba za rejeta, na chumvi hula alumini. Tia kulanti inayotakiwa na gari lako. Huzuia kutu na hupandisha kiwango cha kuchemka. Nyingi zina glikoli, ambayo ni sumu yenye ladha tamu, kwa hiyo usiiache kwenye beseni mahali wanapofika watoto au mbwa.

Kuna fundi atakayekushauri utoe thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, ili gari lipoe. Mkatalie. Injini isiyofikia joto lake hula mafuta mengi na huchakaa haraka, na kasoro iliyochemsha gari inabaki palepale.

Mwisho, kabla ya kurudisha kifuniko, washa injini ingali baridi utazame tunduni. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyonaswa. Yakiendelea bila kukoma, au ukikuta oili ya injini ina rangi ya chai ya maziwa, huenda gasketi ya silinda hedi imeungua. Zima injini, na usiliendeshe gari hata kulipeleka gereji. Mwite fundi alifuate hapo lilipo.