Tarehe ya Harusi: Je, Tuwaarifu Ndugu Mapema?



Siku hizi watu wengi wenye harusi hutuma taarifa miezi mitatu au minne kabla, kwa barua au kwa ujumbe wa simu. Husema: "Siku ndiyo hiyo, kadi itafuata." Je, ni lazima kila mtu afanye hivyo? Hapana, si lazima. Taarifa hiyo inafaa mahali pengine, na mahali pengine inaleta matata. Hebu tuangalie.

1. Ni taarifa gani?

Kuna karatasi tatu za harusi. Kadi ya mchango huomba fedha. Kadi ya mwaliko humwita mtu na kumtajia saa na mahali. Taarifa ya mapema hutaja siku tu, ili mtu ajiandae. Usizichanganye. Ukimwandikia mjomba habari ya tarehe, papo hapo ukamtajia na kiasi cha mchango, ataona umekumbuka mfuko wake, yeye mwenyewe hukumkumbuka.

2. Nani anaihitaji?

Jirani unayechota naye maji kisima kimoja haihitaji. Mwambie kwa mdomo, inatosha. Anayeihitaji ni mtu wa mbali. Wewe uko Sengerema, shangazi yako yuko Mpanda. Kaka yako ameajiriwa, lazima aombe likizo. Mwingine ni mkulima, hana nauli mpaka auze mbuzi. Hawa wakipata habari wiki moja kabla, hawafiki. Halafu lawama hukaa miaka.

Lakini kumbuka: mtu uliyempa taarifa umekwisha mwalika. Huwezi tena kumnyima kadi. Kama huna hakika utamwalika, usimwandikie.

3. Itumwe lini?

Subiri kwanza mambo matatu:

(a) Wazee wa pande zote mbili wamekubaliana siku, na mazungumzo ya mahari yamekwisha.

(b) Kiongozi wa dini au msajili wa ndoa ameikubali siku hiyo. Wakristo wengi hawafanyi harusi wakati wa Kwaresima, na Waislamu wengi hawafanyi mwezi wa Ramadhani. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Kwa hiyo usitumie kalenda ya mwaka jana.

(c) Mmeangalia kazi za shamba na mvua. Watu wakiwa wanapanda, nani atakuja kucheza ngoma?

Fikiria mzee aliyeuza mbuzi, akalipa nauli, akasafiri siku mbili. Anafika anaambiwa harusi imesogezwa mwezi mmoja. Mbuzi harudi, na nauli hairudi. Kosa si la mzee, ni la aliyeandika kabla wazee hawajakubaliana. Kama siku haijawa ya hakika, nyamaza kwanza.

4. Tuhesabu

Taarifa kwa ndugu si taarifa ya kisheria. Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wanaotaka kuoana watoe taarifa kwa msajili au mfungisha ndoa angalau siku 21 kabla. Tuseme harusi ni tarehe 12 Septemba. Rudi nyuma siku 12, unafika tarehe 31 Agosti. Siku zilizobaki ni 21 - 12 = 9. Sasa 31 - 9 = 22. Basi taarifa ifike tarehe 22 Agosti au kabla yake.

5. Mfano wa barua

Kijiji cha ..............
12 Juni 2026

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, twatumaini nawe u mzima.

Nakuarifu kwamba mwanao, dada yangu mdogo, ataolewa Jumamosi, tarehe 12 Septemba 2026, hapa nyumbani. Wazee wa pande zote wameikubali siku hiyo. Kadi itafuata. Tunakuomba ujiandae, maana bila wewe hakuna wa kumfunda mwali. Tarehe ikibadilika, nitakupigia simu siku hiyo hiyo.

Mimi mtoto wako,
..............

Umeona? Barua ni fupi. Imetaja siku, tarehe, mwezi na mwaka. Haikuomba fedha.

6. Tunza daftari

Andika daftarini kila uliyempa taarifa: jina lake, mahali alipo na namba ya simu. Tarehe ikibadilika, fungua daftari, uwaambie wote siku hiyo hiyo. Usiseme "watasikia wenyewe." Aliye mbali hasikii.

Maswali ya kujadiliana

1. Taarifa ya mapema na kadi ya mwaliko zinatofautiana vipi?
2. Harusi ni tarehe 10 Oktoba. Taarifa ya kisheria ifike kabla ya tarehe gani kupita?
3. Katika ukoo wenu, ni nani wanaohitaji kuarifiwa mapema? Andika majina matano.
4. Mwandikie barua ndugu yako aliye mbali, umwarifu tarehe ya harusi.