Kupoteza Fahamu kwa Jeraha la Kichwa: Kutambua, Kutibu na Kuweka Msimbo

Mtahiniwa, mada hii inaunganisha Huduma ya Kwanza uliyosoma kidato cha kwanza na Uratibu wa kidato cha tatu. Anza na kisa hiki, kwa sababu maswali ya mwisho yanakitegemea.

Saa kumi jioni, karibu na Soko la Majengo, Dodoma, bodaboda inagongana na bajaji. Abiria, kijana wa miaka 17 asiye na helmeti, anaanguka na kujigonga panja la kushoto kwenye lami. Analala bila kuitika kwa dakika kama tano. Kisha anainuka, anajikung'uta vumbi na kusema, "Niko poa." Anapelekwa nyumbani. Saa moja usiku kichwa kinamuuma sana na anatapika. Saa mbili akiitwa haamki.

Wengi huandika "alizimia kwa mshtuko" na kuishia hapo. Jibu hilo halielezi kwa nini aliamka, akaongea, kisha akazidiwa.

Ubongo umefunikwa na tando tatu, unaelea katika ugiligili, na umefungiwa ndani ya fuvu gumu. Kichwa kikigonga lami, fuvu husimama ghafla lakini ubongo huendelea kusogea. Kazi ya serebramu na shina la ubongo huvurugika kwa muda, na mtu hupoteza fahamu. Huo ndio mtikisiko wa ubongo. Lakini mfupa wa panja ni mwembamba, na chini yake hupita ateri. Mfupa ukivunjika, ateri inaweza kuchanika, na damu ikakusanyika kati ya mfupa na utando wa nje. Mwanzoni ni damu kidogo, ndiyo maana mgonjwa huonekana mzima kwa saa kadhaa. Fuvu halitanuki. Damu ikiongezeka, shinikizo hupanda na ubongo husukumwa chini hadi kubana medula oblongata, inayoongoza upumuaji. Kwa hiyo "niko poa" si kipimo.

Kipimo kilichozoeleka ni Skeli ya Glasgow, iliyotolewa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett. Macho hupewa alama 1 hadi 4, maneno 1 hadi 5, na mwendo wa viungo 1 hadi 6. Jumla ya 13 hadi 15 ni jeraha dogo, 9 hadi 12 la kati, na 8 kushuka chini ni kali. Kila ninaposahihisha mitihani ya majaribio nakuta mtu ameandika kwamba alama ya chini kabisa ni sifuri. Ni 3. Hata maiti hupata 3.

Kijana wetu anafikishwa hospitali. Anafumbua macho akifinywa tu (2), anatoa sauti zisizo maneno (2), anavuta mkono unapofinywa (4). Jumla ni 8. Njia yake ya hewa italindwa kwa mpira, atapewa oksijeni, atapigwa picha ya CT, na daktari wa upasuaji wa ubongo atafungua fuvu kutoa damu. Akiwahi, mgonjwa wa aina hii anaweza kupona kabisa.

Pale barabarani, usimpakie mshikaki kwenye pikipiki, maana shingo nayo inaweza kuwa imevunjika. Mwache alale, shikilia kichwa kisiyumbe, angalia kama anapumua. Akitapika, mgeuzeni ubavu mwili wote kwa pamoja. Usimpe maji wala aspirini. Ndugu mmoja afuatilie PF3 polisi, mgonjwa aende hospitali.

Sasa msimbo. Hospitali huandika ugonjwa kwa herufi na namba za Ainisho la Kimataifa la Magonjwa, ili takwimu zilinganishwe popote. Katika toleo la 10, majeraha ya ndani ya fuvu ni S06. Mtikisiko ni S06.0, na damu iliyo juu ya utando wa nje ni S06.4. Marekani huongeza tarakimu ya muda wa kupoteza fahamu: 1 ni dakika 30 au pungufu, 2 ni dakika 31 hadi 59, na 9 ni muda usiojulikana. Hiyo 9 huandikwa pale aliyeshuhudia aliposhindwa kusema. Daktari hakuwapo sokoni, ulikuwapo wewe. Tazama saa.

Maswali
1. Eleza kwa nini kijana aliweza kuongea baada ya ajali, kisha akazidiwa. (alama 5)
2. Mgonjwa anafumbua macho akiitwa (3), anajibu kwa kuchanganyikiwa (4), anatii maelekezo (6). Tafuta jumla na kundi la jeraha. (alama 3)
3. Taja mambo matatu ambayo shahidi wa ajali ya Majengo angemweleza daktari saa kumi na nusu jioni. (alama 3)

Dokezo la swali la 3: "alianguka" peke yake haina alama.