Basari si Mkopo

Wanachama wenzangu, siku ya soko hapa Chwele si ajabu kumsikia mzazi akisema, "Huyu akipita mtihani, serikali itamlipia chuo." Kumlipia namna gani? Hapo ndipo maneno huchanganywa.

Basari ni pesa za msaada, hairudishwi. Mfano ni ile ya CDF, hazina ya maeneo bunge iliyoanzishwa kwa sheria ya 2003. Mkopo ni deni. Hutolewa na HELB, yaani Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa 1995. Riba yake ni asilimia 4 kwa mwaka: kwa shilingi 40,000, hiyo ni 1,600. Kulipa huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na asiyelipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Wengi wetu, naona, tutatia sahihi bila kusoma hapo!

Utaratibu uliotangazwa 2023 ulileta neno la tatu, ufadhili. Huu nao haurudishwi, ila hupimwa kwa uhitaji wa familia, na sharti uombe mwenyewe. Basi barua ikija, tazama kwanza ni neno gani limeandikwa kando ya kila kiasi.