Ndugu Yako Ana Baipola? Anza na Usingizi

Daktari humwona mara moja kwa mwezi. Ninyi mnashinda naye. Kwa hiyo mengi yako mikononi mwenu.

1. Angalieni analalaje. Akilala kwa muda wa saa mbili tatu tu usiku kucha na bado anaamka mchangamfu, haishiwi maneno, ana mipango ya biashara nne kwa mpigo, msingoje. Kwa wengi hivyo ndivyo kupanda, yaani kuchangamka kupita kiasi, kunavyoanza. Mwahisheni kliniki angali anasikia la mtu.

2. Ya pesa yazungumzeni akiwa ametulia. Akishapanda, mikopo ya simu ataichukua yote, na kumnyang'anya simu ni kuzua ugomvi. Muulizeni mapema: kadi ya benki ashike nani? Hati ya kiwanja ikae wapi? Aamue mwenyewe.

3. Si kila hasira ni ugonjwa. Mtu mzima akinuna kwa sababu mmemlia nyama yake, msimuulize kama amemeza dawa.

4. Kama anatumia lithiamu, ijueni vizuri. Dawa hii hupimwa kwenye damu, kwani kiasi kinachotibu na kinachodhuru havipishani sana. Kuhara, kutapika au jasho jingi bila maji ya kutosha huweza kuipandisha ikawa sumu. Hata diklofenaki, ile tunayojinunulia kila mgongo ukiuma, huweza kuipandisha. Kabla ya Ramadhani aonane na daktari, asijiamulie kufunga. Mkiona anatetemeka sana, anayumba au ulimi unakuwa mzito, ni hospitali siku hiyohiyo. Na akisema amechoka na dawa, sikilizeni sababu: kiu, uzito, mikono kutetemeka. Ni kero za kweli, na daktari anaweza kurekebisha. Kuacha ghafla ndiko kunakorudisha ugonjwa kwa kishindo.

5. Dua na maombi havigombani na vidonge. Shehe au mchungaji anayemwambia atupe dawa, mwambieni hapana, kwa adabu.

6. Akishuka, yaani huzuni ikimlemea, na kusema hataona kesho, muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo. Msimwache peke yake, ondoeni dawa za wadudu na akiba ya vidonge, kisha mpelekeni hospitali.

7. Pangeni zamu. Dada ambaye hajaolewa asigeuzwe muuguzi wa ukoo mzima eti kwa kuwa "yupo yupo tu". Kaka anayetuma hela kutoka mjini naye aje alale hapo wikiendi, dada akatembee.